Plagi ya Sista Adong

Siku mliyoniaga mlinipa saa ya ukutani yenye fremu ya rangi ya dhahabu, na mmoja wenu akasimama akasema Haji hana haja tena ya kupima kitu, sasa apumzike. Nashukuru. Saa nimeitundika sebuleni hapa Kibuli, juu ya televisheni, na nilijiapiza kutoipima. Inachelewa. Haichelewi sana, lakini inachelewa, na kila nikiitazama najumlisha kichwani kabla sijajua ni saa ngapi. Mke wangu anasema huo ni ugonjwa. Yawezekana.

Mliniomba pia niwaandikie ya kazini. Habari za nani alipandishwa cheo na nani aliruka foleni sitaziandika, maana waliofaidi bado wako hai na tunasalimiana msikitini. Nitaandika juu ya vyombo, juu ya mtu aliyenifundisha, na juu ya kesi moja ambayo haijanitoka moyoni. Naandika kwa Kiswahili kwa kuwa ndicho tulichofanyia kazi. Sisi Wanubi tumekua nacho sambamba na Kinubi chetu, tangu mababu zetu walipoletwa huku na majeshi. Mzee Drani, huyo aliyenifundisha, alikipata kambini. Ninyi wengine mlikiokota hapahapa maabara, mkianza na matusi. Na anayenicheka kwamba naandika kama msoma taarifa ya habari, ajue nilifundishwa kuandika na ustadhi wa Mombasa aliyekuja Kampala na fimbo yake.

Wengi wenu hamkumkuta Mzee Drani. Alikuwa mkuu wa chumba cha joto pale maabara ya vipimo, yaani kile chumba cha mwisho cha ukumbi ambapo vipimajoto vya nchi nzima huletwa kuulizwa kama vinasema kweli. Alikuwa mtoto wa askari kutoka Arua, mrefu, mkavu, miwani yake imefungwa kwa waya wa shaba upande mmoja. Alipanga chumba Mengo, karibu na ukuta wa Lubiri, kasri la Kabaka, na kila asubuhi alikuja kwa miguu akiwa ameshika mwavuli hata wakati wa kiangazi. Suti alikuwa nayo moja, ya kijivu. Nguo za kazini alikuwa nazo nyingi, zote nyeupe, zote amezifua mwenyewe.

Siku yangu ya kwanza nilifika nimevaa tai ya kuazima. Mzee Drani hakuniuliza nimesoma wapi. Alijaza glasi maji ya bomba, akanipa kipimajoto cha kioo, akasema, "Soma."

Nikasoma. "Ishirini na tatu, mzee."

"Ishirini na tatu na wasiwasi ngapi?"

"Sina wasiwasi, mzee," nikajibu, kifua mbele.

Alicheka mpaka akavua miwani. "Basi rudi nyumbani, kijana. Hapa kila namba iko na wasiwasi yake. Mtu asiye na wasiwasi anaenda kuuza mafenesi."

Kisha akanikalisha, akanionyesha. Kipimajoto chenyewe kilikuwa na kosa lake la kuzaliwa. Jicho langu lilikitazama kutoka juu kidogo badala ya kulingana na mstari. Maji ya ukingoni hayakuwa na joto moja na maji ya chini. Na mkono wangu, kwa jinsi nilivyoikumbatia ile glasi kwa woga, ulikuwa unayapasha. Vyote hivyo ukivikusanya unapata kiasi ambacho namba yako inaweza kuwa imekosea, juu au chini. Vitabuni kuna jina refu la jambo hili. Sisi tuliliita wasiwasi, na mtu aliyeleta namba peke yake mezani kwa Mzee Drani alirudishwa nayo.

Nataka mjue pia habari za kinu, kwa sababu naona mmekitupa nyuma ya ghala. Kila Jumatatu asubuhi, kabla ya kazi yoyote, tulitengeneza sifuri. Barafu ya maji safi yasiyo na chumvi yoyote ilitwangwa mpaka ikawa laini kama sukari iliyolowa, tukaishindilia kwenye chupa ya chai, tukaongeza maji yaleyale, tukachomeka humo kipimajoto chetu kikuu. Barafu ikiwa nyeupe, haijaiva. Ikigeuka rangi ya kijivu, iko tayari, na hapo ndipo sifuri ilipo, Kampala au kwingineko. Kinu kilikuwa cha mbao ngumu, kimenunuliwa sokoni Nakasero kwa mama mmoja aliyeapa kwamba kitatwanga karanga miaka mingi. Hakikutwanga karanga hata siku moja, isipokuwa ile siku mama wa jikoni alipokiazima bila kusema. Jumatatu iliyofuata sifuri yetu ilikuwa imeteremka. Tuliangalia waya, tukaangalia umeme, tukabadilisha barafu, bado. Mchana ndipo yule mama alipopita akatuambia kwamba alikitumia, lakini tusijali, alikirudisha baada ya kukiosha vizuri sana kwa sabuni.

Sabuni ndiyo iliyotuteremsha. Karanga tungeziona. Mzee Drani hakumgombeza, alinunua kinu kingine akampa awe nacho jikoni. Mimi nilicheka siku ile, na ningelikumbuka mapema zaidi kwamba usafi nao huharibu, lingelinisaidia, lakini ndivyo mambo yanavyokuwa.

Sheria yake kubwa nilijifunza kwa kipimajoto cha maziwa. Kililetwa kutoka kiwanda kimoja kikiwa na ganda la maziwa yaliyokauka, kinanuka. Mimi mtoto wa Kibuli, nimelelewa na mama ambaye alituosha miguu kabla ya kukanyaga mkeka, nilishika kitambaa mara moja. Mzee Drani alinikamata kifundo cha mkono.

"Soma kwanza," akasema. "Safisha baadaye."

"Mzee, ni kichafu."

"Uchafu yake ndiyo imekuja kutuambia kitu. Kule kiwandani walikuwa wanasoma na uchafu hii hii. Ukitoa yeye, umetoa ushahidi. Utapima kipimajoto ingine kabisa, ile ambayo hapana mtu amewahi kutumia."

Ninyi jambo hili mnaliita hali ya kupokelewa na hali ya kuondokea, mna visanduku vyake kwenye kompyuta. Sisi tulikuwa na mkono wa Mzee Drani. Alikuwa sahihi. Kwa lile ganda, kipimajoto kilichelewa kuhisi joto, na maziwa yalikuwa yakitolewa motoni wakati usiofaa. Kama ningekipangusa, tungewaandikia kwamba hakina tatizo.

Tulikuwa na desturi nyingine ambayo nimeona mmeiacha tangu kompyuta ilipoanza kusoma yenyewe. Tulisoma wawili wawili. Mmoja anakaa mbele ya chombo na kutaja namba, mwingine anampa mgongo na kuandika, asione chombo, na msomaji asione kilichoandikwa. Mwandishi hurudia kila namba kwa sauti. Tulifanya hivyo kwa sababu jicho la mtu hupenda kuona kile kilichokwisha kuandikwa. Miaka mingi mgongo wa Mzee Drani niliujua kuliko uso wake. Nilijua kwa mabega yake kama namba zimempendeza au la, na nadhani alijua kwamba najua, maana siku za kazi ngumu alivaa koti hata kukiwa na joto.

Sasa nafika kwa Sista Adong, na nawaombeni msome polepole.

Wakati ule vituo vya afya vilikuwa vimeanza kupewa logga, kile kidude kinachokaa nje ya friji ya chanjo na kuandika joto chenyewe usiku na mchana. Kutoka kwenye logga unatoka waya, na mwisho wa waya kuna kihisi, mrija mdogo wa chuma unaoingia ndani ya friji. Waya unaunganishwa na logga kwa plagi ya kukaza kwa vidole. Chanjo zinatakiwa zikae kati ya digrii mbili na nane. Kwenye kituo kimoja, ambacho jina lake nitaliacha, logga iliandika kumi na moja, kumi na mbili, kuanzia Ijumaa hadi Jumatatu. Chanjo zote zikatupwa. Akina mama waliokuja na watoto wao mgongoni wakarudishwa nyumbani. Na aliyekuwa na ufunguo wa chumba kile siku zile zote alikuwa nesi mmoja, Sista Adong.

Wakubwa wake walisema aliacha mlango wa friji wazi akaenda zake. Yeye alisema hapana. Alisema alichungulia kipimajoto kidogo cha kioo kilichokuwa ndani ya friji kila asubuhi, na kilisema tano, na vipande vya barafu vilikuwa vigumu kama mawe. Lakini hakuna mwingine aliyechungulia. Ikaamuliwa logga ipelekwe ikapimwe. Ikionekana mbovu, Sista amepona. Ikionekana nzima, kazi yake imekwisha. Na kwa kuwa hakukuwa na mtu mwingine wa kutumwa, alitumwa yeye.

Alishuka kwenye boda mlangoni kwetu akiwa na kifurushi cha kitambaa cheupe kifuani kama mtu aliyebeba mtoto. Alikuwa mwanamke wa makamo, mnene kidogo, viatu vyake vinang'aa. Baba yake alikuwa polisi kutoka kaskazini, naye mwenyewe amekulia kambini, na aliposikia Kiswahili cha Mzee Drani akafurahi kana kwamba amemkuta mjomba.

"Baba, nimeleta yeye," akasema. "Angalia vizuri. Hii kitu iliniongopea. Friji yangu ilikuwa muzuri."

Mzee Drani alifungua kitambaa. Nilikuwa nimesimama pembeni yake, na nikaona alichokiona. Plagi ilikuwa inang'aa. Kidude chenyewe kilikuwa na vumbi la kawaida kwenye mikunjo, waya umechujuka rangi, lakini plagi ilimetameta kama pete.

"Nani alisafisha?" akauliza, polepole.

"Mimi, baba." Akatabasamu. "Ilikuwa na kitu ya kijani kijani pale kwa plagi, imelegea, mbaya kabisa. Nikasema, banange, hii naipelekaje kwa watu wa serikali hivi? Watasema sisi wa kituo ni wachafu. Nimesugua na spiriti na pamba mpaka imetakata, nikaikaza."

Mzee Drani aliigeuza plagi mkononi. "Imetakata kweli," akasema.

Labda mmeshaelewa, lakini wacha niseme kwa ajili ya atakayesoma na si wa kazi hii. Kihisi cha namna ile kina waya mwembamba wa platini. Joto likipanda, waya unauzuia umeme zaidi, na logga inageuza kizuizi hicho kuwa digrii. Logga haina njia ya kujua kizuizi kimetoka wapi. Kikitoka kwenye kutu ya plagi, inakihesabu kuwa joto vilevile. Kutu ya kijani, plagi iliyolegea, na friji yenye digrii tano inaandikwa kumi na moja bila hila yoyote. Ushahidi wote wa Sista ulikuwa ile kutu. Aliufuta kwa pamba, kwa mkono wake, kwa adabu.

Aliomba kukaa aone. Mzee Drani akamvutia kiti. Tukakitia kihisi cha logga kwenye beseni letu la maji, lile linalotunza joto moja muda wote, pamoja na kipimajoto kikuu. Mimi nilisoma, Mzee akanipa mgongo akaandika. Tukasoma kwenye digrii mbili, kwenye tano, kwenye nane, kwenye kumi na mbili, kisha tukarudi chini tukaanza upya. Sista Adong aliketi na mkoba wake magotini, akifuata kila namba kwa midomo. Mabega ya Mzee Drani yalizidi kushuka. Logga ilikuwa inasema kweli tupu, na wasiwasi wake ulikuwa mdogo kuliko wa logga yoyote tuliyopokea mwaka ule.

"Iko sawa?" Sista akauliza tulipomaliza.

"Leo iko sawa," Mzee akasema.

Sista akaukumbatia mkoba wake. Halafu akasema, "Kama iko sawa, basi ni mimi."

"Hapana sema hivyo. Enda nyumbani, binti. Sisi bado hapana maliza."

Alipoondoka, Mzee Drani alitazama plagi kwa lenzi. Chini kabisa, kwenye mzingo wa skrubu ambapo pamba haikufika, kulikuwa na mabaki ya kijani, kidogo sana. Tukachukua plagi ya aina ileile kutoka ghalani, tukaichovya kwenye maji ya chumvi, tukaiweka dirishani mpaka ikashika kutu. Tukaifunga kwenye logga nyingine, tukapima. Siku moja ilizidisha kwa nusu digrii. Siku nyingine kwa saba. Ukiigusa kwa kidole inarudi karibu na kweli, ukifunga mlango kwa nguvu inaruka. Ile kutu ingeweza kuwa imemponza Sista kabisa, na ingeweza kuwa haikufanya lolote. Sijawahi kuona wasiwasi mpana kiasi kile. Namba yoyote ungeitaka ungeipata humo ndani.

Kamati ya kituo ilituita. Tulikwenda wote wawili, Mzee na ile suti yake ya kijivu. Sista Adong alikuwa amekaa kwenye benchi la pembeni, mikono magotini. Mzee alieleza habari ya mabaki ya kutu, akaeleza jaribio letu, akaeleza kwamba cheti chetu kinasema habari za siku kilipotolewa tu, na hakiwezi kusemea siku za nyuma. Mwenyekiti alimsikiliza kwa heshima. Alikuwa mtu wa Masaka, mpole, mwenye haraka, na l yake iligeuka r.

"Ssebo, mzee wangu, tumeerewa," akasema. "Sasa tupe jibu moja. Siku zile, mashine irikuwa inasema kweri ao urongo?"

Swali lilikuwa la Mzee Drani. Nilimtazama, nikawa namwomba moyoni aseme uongo. Hilo naliandika wazi. Mimi niliyefundishwa naye nilimwomba Mungu amfanye Mzee Drani aseme neno moja tu, urongo, tuende nyumbani.

"Mimi hapana jua," akasema.

Na kama mnajiuliza kwa nini hakusema kwamba plagi ilikuwa imesafishwa, nami nilimuuliza tukiwa njiani kwenda kule kama atalisema. Alisema, ukiwaambia nani alisafisha, watasema alifuta makusudi, na badala ya kumfukuza watampeleka polisi. Kwa hiyo aliwaambia yote ila hilo, na hawakumuuliza.

Sista alipoteza nafasi yake siku ileile. Alitufuata mpaka getini. Hakulia. Alitaka kuelewa tu.

"Baba, ile kutu, kwa nini nyinyi hamkuweza kuona ilikuwa ngapi? Nyinyi watu wa vipimo?"

Mzee Drani alivua miwani akaifuta, ingawa haikuwa na kitu. "Mashine yetu imezeeka, binti," akasema. "Hapana ona vitu ndogo. Kosa ni yetu."

Mashine yetu ilikuwa nzuri kuliko zote Afrika Mashariki, na aliipenda kama mke. Katika miaka yote niliyokaa naye ile ndiyo namba pekee ya uongo niliyosikia ikitoka kinywani mwake, na hakuiambatanisha na wasiwasi wowote. Tulipofika barabarani akaniambia, "Yule hapana mwambie hata siku moja. Kazi amepoteza, hiyo tosha. Asijue ni pamba yake."

Sikumwambia. Lakini kuficha kitu kuna gharama zake, na gharama yake ilikuwa kwamba hatukuweza tena kumtazama. Nilisikia yuko Bukoto, anajishughulisha na dawa. Nilipita Bukoto mara nyingi, binti yangu anakaa kwenye zile nyumba za ghorofa karibu na soko, na kila mara nilipitia upande mwingine. Mzee Drani alistaafu, akaja mwingine, kisha nikawa mimi. Chumba cha joto kikapata kompyuta, beseni jipya, na ninyi. Mara kwa mara nilipoona mmoja wenu anashika kitambaa kabla ya kusoma, nilipiga kelele kupita kiasi. Mlinipa jina kwa ajili hiyo, nalijua, na sasa mnajua sababu.

Mzee Drani alipougua nilikuwa nakwenda kumwona Mengo siku za Ijumaa baada ya sala. Alikuwa amelala kitandani chini ya dirisha, na pale dirishani alikuwa amening'iniza kipimajoto, kwa kuwa hakuwaamini watabiri wa hali ya hewa. Mara ya mwisho alinishika kifundo cha mkono, kama siku ya maziwa.

"Yule binti wa plagi," akasema. "Anajua?"

"Hajui, mzee."

"Muzuri," akasema, akafumba macho.

Nilimpa jibu bila kupima. Sikuwa nimemwona yule mama tangu siku ya geti. Ningeweza kusema sijui, kama alivyosema yeye mbele ya kamati, lakini nilitaka apumzike. Tulimzika Arua. Nilisafiri na jeneza, na njia nzima nilikuwa najiambia kwamba angalau jambo moja limekaa sawa.

Miezi michache baada ya kupewa saa yenu, binti yangu alinituma nikamnunulie dawa ya kikohozi ya mjukuu. Duka alilonielekeza huko Bukoto lilikuwa limefungwa kwa ajili ya msiba. Nikaingia lililofuata. Nyuma ya meza alikaa mwanamke mwenye mvi, mnene, viatu sikuviona, lakini nilimjua kabla hajainua uso.

"Haji," akasema. "Umechelewa sana."

Nikasema nilikuwa na kazi nyingi. Akanitolea kiti cha plastiki, akaagiza chai, akaniuliza habari za Mzee Drani. Nikamwambia amefariki. Akajifuta macho kwa kanga.

"Yule baba aliniongopea pale kwa geti," akasema.

Nikakiweka kikombe chini.

"Alisema mashine yenu imezeeka. Haji, mimi nilikaa pale siku nzima. Niliona mnasoma namba moja mara ngapi, huyu anasema, yule anarudia na mgongo. Watu wa namna ile hawawezi kukaa na mashine mbovu. Nikaenda nyumbani nikajiuliza, huyu mtu mkweli amekataa kuniokoa na neno moja mbele ya wakubwa, sasa hapa nje ananiongopea kwa nini? Usiku haukuisha kabla sijajua. Nikakumbuka alivyoeleza habari ya kutu, nikaangalia mikono yangu. Nikajua ni ile pamba."

"Kwa nini hukuja kutuambia?"

"Nije niseme nini? Alitaka nisijue. Nikaona wacha nimwachie hiyo. Nilikuwa nataka kuja kumsalimia tu, halafu nasema, akiniona usoni atajua kama najua. Sikuja. Kumbe na yeye anaogopa kuniona." Akacheka kidogo, kicheko kisicho na furaha. "Tumeogopana miaka yote hii, watu watatu."

Nimepima vitu vingi maishani. Naweza kuwaambia joto la tanuru na joto la damu. Lakini kwamba mwanamke yule alikuwa mwendo wa boda moja tu kutoka Mengo, na mzee yule amelala chini ya dirisha akiuliza habari zake, na mimi nilikuwa katikati yao nikisema hajui, hajui, hilo silipatii kipimo. Najuta. Tungekaa wote watatu tukanywa chai, tungemwambia, na angetuambia kwamba anajua, na basi. Friji ilikuwa na digrii ngapi siku zile hatutajua kamwe. Lile jingine, kama Sista anajua au hajui, tungeweza kulijua kwa kuuliza tu.

Nilisimama niondoke, na yeye akasimama. "Ngoja," akasema. "Kwa kuwa umekuja."

Nyuma ya duka ana friji ndogo ya insulini na matone ya macho. Akafungua mlango. Ndani kulikuwa na kihisi kwenye waya wake, na waya unatokea nyuma hadi kwenye kidude kilichobandikwa ukutani. Plagi ilikuwa ya kijani. Ilikuwa imejaa kutu na vumbi na utando wa buibui, kitu cha aibu kwenye duka ambalo kila chupa imepangwa na kila rafu imepigwa kitambaa.

"Sijaigusa tangu niinunue," Sista Adong akasema. "Nilikuwa nangoja mmoja wenu."

Mke wangu hajui, lakini bado natembea na kipimajoto mfuko wa ndani wa koti. Nikakilaza ndani ya friji kando ya kihisi chake, tukafunga mlango, tukangoja vitulie. Sista akachukua kalamu na kipande cha boksi la dawa, akanigeuzia mgongo kama alivyotuona tukifanya.

"Soma, Haji," akasema.

Nikavaa miwani. Nikasoma, kile kidude chake kichafu kwanza.